UZI: Mbao za mkaratusi kupasuka na kupinda. Chanzo, namna ya kupasua, kukausha, na aina ngumu zinazofaa kupandwa

#1 Kabari ya Chuma

Wakuu, salaam.

Mjadala wa mkaratusi (mlingoti kwa ndugu zetu wa Iringa na Njombe, bluugamu kwa Wakenya) hurudi humu mara kwa mara, na karibu kila mara unaishia kwenye kauli ileile: "hiyo si mbao, ni kuni." Nafungua uzi tuweke mambo ya ufundi mahali pamoja. Msimamo wangu nausema mapema: mkaratusi unaharibiwa kati ya siku ya kuangushwa na wiki chache za mwanzo baada ya kupasuliwa. Ukivuka hapo salama, una mbao ngumu kuliko paini yoyote ya rika lake.

Tuanze na chanzo. Mti unapokua, kila tabaka jipya chini ya gome hujivuta kwa urefu wa shina. Miaka inavyokwenda, mbao ya nje inakuwa imevutika na ya katikati imebanwa. Mti ukiwa wima, nguvu hizo zinalingana na huoni kitu. Ukikata gogo, kwenye ncha hakuna tena cha kuzishikilia, na nyufa zenye umbo la nyota hutoka moyoni kuelekea nje, mara nyingine dakika chache tu baada ya msumeno kutoka. Hapo mti haujakauka hata kidogo. Nyufa za kukauka ni habari nyingine, huja baadaye na zina dawa yake. Wengi wanachanganya hizi mbili, ndiyo maana mtu anapaka rangi nchani, gogo linapasuka, analaumu rangi. Rangi huzuia maji kutoka. Mvutano haiuwezi.

Mvutano unapunguzwa makali kwa mambo manne. La kwanza ni unene: gogo jembamba lina mvutano uleule uliobanwa kwenye nafasi ndogo, kwa hiyo chini ya sentimita 30 za kipenyo usitegemee mbao pana zilizonyooka. La pili, angusha mti juu ya matawi au ardhi laini, si juu ya kisiki au jiwe, kwa sababu shina lililojaa mvutano likipigwa linapasuka kwa ndani na utaliona tatizo kwenye msumeno. La tatu, acha shina liwe refu kadiri usafiri unavyoruhusu, na ulikate vipande pale kwenye mashine. Kila mkato mpya ni ncha mbili mpya za kupasuka, hivyo gogo moja la mita 7 likikatwa siku ya kupasua linapoteza kidogo kuliko magogo mawili ya mita 3.5 yaliyolala wiki nzima. Acha ziada ya sentimita 10 hadi 15 kila upande. La nne ni muda: pasua ndani ya siku mbili tatu. Ukishindwa, weka magogo kivulini na uyamwagie maji mfululizo, usiku na mchana. Kumwagia asubuhi na jioni tu kunalowesha na kukausha ncha kwa zamu, na hiyo ni mbaya kuliko kuliacha gogo likae.

Ncha ipakwe lami, nta au rangi ya mafuta iliyobaki dukani, saa ileile ya kukata. Ufa ukishaanza kufunguka, pigilia kulabu za chuma zenye umbo la S, ziukatize ufa. Haziurudishi nyuma, zinauzuia usiende mbali.

Kupasua nakuja kwenye posti inayofuata.

#2 Kabari ya Chuma

Kupasua.

Tazama ncha zote mbili za gogo kabla ya kuliweka kwenye mashine. Utaona ufa mmoja mkubwa kuliko mingine. Lizungushe gogo mpaka ufa huo ulale sambamba na njia ya msumeno. Ukifanya hivyo, ufa unaishia ndani ya ubao mmoja wa katikati. Ukiuacha umekatiza njia ya msumeno, utapita kwenye mbao zako zote, na mteja atazikataa zote.

Toa banzi (kipande cha nje chenye gome) la kwanza. Usiendelee kupasua upande huohuo hadi mwisho, hili ndilo kosa linaloharibu mbao nyingi kwenye dingdong (mashine ndogo za kupasulia mbao). Ukiondoa upande mmoja, upande wa pili bado unavuta, gogo linajikunja na uso uliokata unatuna katikati. Msumeno unakwenda mstari mnyoofu, gogo halijanyooka, kwa hiyo ubao unaofuata unatoka mnene katikati na mwembamba nchani. Pima kwa kalipa utaona: katikati milimita 31, nchani 24. Fundi anasema mashine imelegea. Mashine haina kosa.

Dawa yake ni kugeuza nyuzi 180. Banzi moja juu, geuza, banzi moja chini. Mbao moja au mbili juu, geuza, mbao moja au mbili chini. Mvutano unatoka pande zote mbili kwa kulingana na gogo linabaki limenyooka. Uso ukianza kutuna hata hivyo, pitisha mkato mwembamba wa kunyoosha, upoteze milimita 5, kisha endelea.

Kipande cha katikati chenye moyo, upana wa sentimita 8 hadi 10, kiache. Usikitafutie mbao. Ile ni mbao ya utotoni, laini, imebanwa mpaka nyuzi zimekatikakatika, na hupasuka hata ukiikausha kwa uangalifu gani. Kifae kuni au kuchomea matofali.

Na ukiwa na gogo dogo, pasua mbao bapa, yaani uso mpana wa ubao ufuate mviringo wa gogo. Mvutano kwenye ubao wa namna hiyo hujionyesha kwa kupinda kwa juu, kama upinde, na kupinda huko kunanyooshwa na uzito wa rundo wakati wa kukausha. Ukipasua kwa kuelekea moyoni, ubao unapinda kwa ubavu, na hapo hakuna uzito utakaounyoosha.

#3 Mtaa wa Mbao

Mkuu #2 nondo nzito. Swali la hesabu: gogo la futi 12 kipenyo cha sentimita 30 unategemea mbao ngapi za 1x6? Wauza shamba wanatuambia kumi na mbili.

#4 Kabari ya Chuma

Piga hesabu mwenyewe. Kipenyo 0.30 m, urefu 3.66 m: 0.785 × 0.30 × 0.30 × 3.66 ni karibu mita za ujazo 0.26. Mkaratusi wa unene huo ukitoa asilimia 40 ya mbao safi umefanya kazi nzuri, hiyo ni 0.10. Ubao wa 1x6 wa futi 12 ni 0.025 × 0.15 × 3.66, karibu 0.0137. Kwa hiyo saba. Kumi na mbili inawezekana ukihesabu zile zenye moyo na zilizopasuka nusu.

Halafu hiyo inchi moja ni ya mbao kavu. Pasua milimita 29 au 30 ili ubaki na 25 baada ya kukauka na randa.

#5 Fundi Tenoni

Naongezea upande wa kukausha, kwa sababu hapo ndipo sisi wa karakana tunapopokea maiti.

Mkaratusi una sura mbili za kuharibika ukikaushwa haraka. Ya kwanza ni nyufa nyembamba za usoni, kama nywele, ambazo huzioni mpaka upitishe randa au upake vanishi. Uso umekauka na unataka kusinyaa, ndani bado maji, uso unachanika. Ya pili ni kubonyea: ubao unakuwa na mawimbi, mabonde marefu usoni, na ukiukata katikati unakuta umenyong'onyea kama umekamuliwa. Hapo seli zenyewe zimeanguka kwa kuvutwa na maji yanayotoka, na hutokea zaidi pale ubao ukiwa bado mbichi na joto ni kali. Mbao iliyobonyea viwandani hurudishwa kwa mvuke wa karibu nyuzi 100 kwa saa 4 hadi 6, ubao ukiwa na unyevu wa asilimia 20 hivi. Uani kwetu hatuna mvuke, kwa hiyo tuzuie.

Rundo langu la kawaida: msingi wa tofali au vipande vya zege, sentimita 40 kutoka ardhini, usawa upimwe kwa maji. Rundo lisizidi upana wa mita 1.5. Fito za kutenganishia ziwe milimita 20 kwa 20 au 25 kwa 25, kavu, za unene mmoja, kila sentimita 40, na kila fito ikae juu kabisa ya fito iliyo chini yake mpaka kwenye msingi. Fito ikihama sentimita 10, ubao unakariri kosa hilo na utakaa na tuta milele. Fito za mwisho ziwe kwenye ncha kabisa, hata zikitokeza kidogo, zinapunguza ufa.

Juu weka bati lililotokeza pande zote, na juu ya mbao weka uzito. Tofali la zege la inchi 6 lililojaa lina karibu kilo 25, kwa hiyo tofali 12 hadi 20 kwa kila mita mraba. Bila uzito mbao za juu zitajikunja na huna la kufanya.

Wiki tatu hadi sita za kwanza funga pembeni kwa magunia au neti ya kivuli, hasa Makambako na kwingine kwenye upepo mkali. Watu wanaogopa ukungu wanaacha wazi. Ukungu unafutika kwa randa. Ufa haufutiki.

Mbao ya inchi moja kwa aina nyepesi huchukua takriban miezi miwili hadi minne kufika unyevu wa asilimia 20. Ya inchi mbili hesabu nusu mwaka na zaidi. Aina ngumu ongeza.

#6 Mama Kitalu

Fundi, na wasio na kipima unyevu?

#7 Fundi Tenoni

Mizani ya jikoni inayosoma gramu, dada, na oveni.

Kata kipande cha sentimita 2 kutoka katikati ya ubao, si nchani, maana ncha hukauka kwanza na itakudanganya. Pima hapohapo. Kiweke kwenye oveni ya nyuzi 103, pima kila baada ya saa kadhaa mpaka uzito ukome kushuka. Kisha toa uzito mkavu kwenye uzito wa mwanzo, gawanya kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Mfano gramu 186 imeshuka hadi 150: 36 gawa kwa 150 ni asilimia 24. Huo ubao haujafika.

Mlango wa kwenda Dar, Tanga au Mombasa unataka takriban asilimia 14 hadi 15. Wa Iringa au Nairobi 11 hadi 13. Mlango uliokaushwa kwa ajili ya Iringa ukifungwa Zanzibar utavimba na kukwama kwenye fremu, na aliyeutengeneza atatukanwa bure.

#8 Bwana Mizani

Hapa Kenya wengi wetu tuna GC, zile chotara za grandis na kamaldulensisi (aina mbili za mkaratusi) ambazo miche yake ya kwanza ilitoka Afrika Kusini mwaka wa 1997. Miaka 8 mti uko juu kama mlingoti wa simu. Naona majirani wanazipasua mbao. Ni sawa?

#9 Kabari ya Chuma

Miaka 8 ni nguzo na kuni, bwana. Ukubwa wa mti usikudanganye. Sehemu kubwa ya gogo hilo bado ni mbao ya utotoni, nyepesi, yenye mvutano. Ukitaka mbao, acha ufike miaka 15 na kuendelea, na huwezi kuuacha tu hivyo, lazima upunguze shamba.

Ukipanda mita 3 kwa 3 una miti 1,111 kwa hekta. Hiyo ni idadi ya nguzo. Kwa mbao punguza kwa awamu mpaka ubaki na miti 300 hadi 400, ukitoa iliyopinda, iliyogawanyika vichwa viwili na iliyoegemea. Mti ulioegemea una mvutano upande mmoja kuliko mwingine, na hata ukiupasua kwa ustadi wa namna gani, mbao zitatoka ndizi.

Nyongeza, GC na kamaldulensisi waangalie kwa mdudu wa uvimbe wa majani (leptosibe). Aliingia Kenya na Uganda mwaka 2002 na miche michanga ikishambuliwa sana hudumaa. Ukiona vinundu kwenye mshipa wa kati wa jani na kwenye kikonyo, usinunue miche hiyo.

#10 Mtaa wa Mbao

Nikirudi kwenye kichwa cha uzi, "aina ngumu". Kuna mteja ameleta picha ya sakafu ya jarrah kutoka Australia, anataka kitu cha namna hiyo. Hiyo jarrah si mkaratusi pia? Tunaweza kuipanda?

#11 Kusini ya Bahari

Nipo Perth, naweza kujibu la jarrah.

Ndiyo, ni mkaratusi, Eucalyptus marginata, na asili yake ni kona ya kusini magharibi ya Australia pekee. Kiini chake (mbao ya ndani iliyokomaa) ni chekundu cha kahawia, kinazidi kuiva kadiri kinavyokaa. Kikavu kina takriban kilo 820 kwa mita ya ujazo, kibichi ni zaidi ya 1,100, yaani gogo bichi linazama. Mchwa hawakipendi, na ndiyo maana kilitumika kwenye mataruma ya reli, magati na nguzo, na karne ya 19 vipande vyake vilisafirishwa mpaka London kutandikwa barabarani. Jirani yake ni karri, Eucalyptus diversicolor, mrefu zaidi na mzito kidogo zaidi, karibu 900, lakini karri ukichomekwa ardhini mchwa wanaula. Kwa macho mbao zao zinafanana mno. Njia ya kienyeji ya kuzitofautisha ni kuchoma kijiti: jarrah huacha mkaa mweusi, karri huacha majivu meupe.

Kuipanda huko sikushauri. Imezoea mvua za majira ya baridi na kiangazi kikavu kabisa, kinyume cha ratiba ya mvua zenu, na inakua taratibu sana. Tena ina adui wa mizizi, Phytophthora cinnamomi, kimelea cha ugonjwa uliokausha misitu mizima huku, na kwamba ndicho chanzo ilitambuliwa mwaka 1965. Ugonjwa huo unasafiri kwenye tope la tairi na viatu, na ardhi yenye maji yaliyotuama wakati wa joto ndiyo unayoipenda.

Kuinunua nako kumebadilika. Jimbo la Western Australia lilisitisha ukataji wa kibiashara wa misitu ya asili kuanzia Januari 2024, kwa hiyo jarrah mpya inatoka kwenye kupunguza miti na maeneo yanayosafishwa kwa uchimbaji, na iliyobaki ni mbao za majengo yaliyobomolewa. Hizo za kubomolewa ni nzuri kwa sababu zimekauka miaka mingi, ila pitisha sumaku au kifaa cha kutafuta misumari kabla ya randa.

#12 Mama Kitalu

Asante sana, hilo la maji yaliyotuama wengi hawalijui.

Kwa anayetaka mbao nzito huku kwetu, zipo jamaa zake zinazokubali mazingira yetu. Maculata na citriodora (ule wenye harufu ya limau), siku hizi wataalamu wameziweka kwenye jenasi ya Corymbia lakini kitaluni bado tunaziita mikaratusi. Mbao yake kavu inafika karibu kilo 950 hadi 1,000. Paniculata ndiyo ngumu kupita zote nilizozitaja, karibu 1,100 kwa mti uliokomaa, gome lake jeusi lenye mifereji mirefu. Na microcorys, ambayo mbao yake ina mafuta kidogo, nzuri sana kwa sakafu.

Tahadhari mbili. Takwimu hizo ni za miti iliyokomaa. Citriodora wa miaka 12 hautakupa 1,000. Pili, hakikisha mbegu. Citriodora huwezi kukosea, sugua jani unuse. Paniculata na miche mingine ya gome gumu inafanana ikiwa midogo, nunua penye kumbukumbu za chanzo cha mbegu, kama TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) kwa Tanzania au KEFRI (Taasisi ya Utafiti wa Misitu) kwa Kenya.

Na tafadhali, si kwenye chemchemi wala ukingo wa mto. Kuna sehemu nyingi za mlimani zinazofaa.

#13 Nguzo Nane

Wakuu mnazungumza mbao tu. Sisi wa ua na mabanda tunataka fito na nguzo. Nguzo ya mlingoti isiyotiwa dawa inadumu muda gani ardhini?

#14 Kabari ya Chuma

Grandis au saligna changa, penye mchwa, hesabu mwaka mmoja au miwili. Mti ukikomaa na kuwa na kiini kikubwa inapanda, lakini nguzo nyembamba karibu yote ni mbao ya nje.

Na hapa kuna jambo watu hawalielewi: kwa nguzo ya dawa, hiyo mbao nyeupe ya nje ndiyo unayoitaka. Dawa ya CCA inayosukumwa kwa shinikizo kwenye mtungi inaingia mbao ya nje, kiini kinaikataa. Nguzo nzuri ni ile yenye mkanda mpana wa mbao ya nje uliojaa dawa pande zote. Kwa hiyo usiichonge nguzo baada ya kutiwa dawa, na usiikate ncha inayokwenda ardhini. Ukilazimika kupunguza urefu, punguza juu. Ukikata chini umemfungulia mchwa mlango wa kiini.

Nguzo iingie mtunguni ikiwa imekauka, chini ya asilimia 30 au 25. Ikiingia mbichi, dawa haina nafasi kwa sababu maji yamejaa, na nyufa zitakazokuja baadaye zitapita chini ya mkanda wa dawa. Unaponunua, tazama ncha: mkanda wa kijani uwe umezunguka wote, bila pengo.

#15 Nguzo Nane

Na vipande vinavyobaki? Mama ntilie wa jirani anavitaka kuni.

#16 Kabari ya Chuma

Hapana kabisa. CCA ina shaba, kromiamu na aseniki. Moshi wake na majivu yake ni sumu. Usichome, usifugie kuku kwenye takataka zake za randa, usitengenezee meza ya chakula. Vaa barakoa ukiikata.

#17 Fundi Tenoni

Kwa mbao za ndani ya nyumba kuna njia nyepesi, na ni lazima kwa citriodora na maculata, kwa sababu mbao yao nyeupe ya nje ina wanga mwingi na bungua wanaipenda kupita kiasi. Utaona unga laini kama ngano chini ya kabati, na tundu kama za ncha ya pini.

Boroni. Kwenye lita 100 za maji changanya kilo 6 za boraksi na kilo 4 za asidi ya boriki, maji yawe ya moto ili viyeyuke. Zamisha mbao zikiwa MBICHI, siku ileile ya kupasuliwa, dakika chache tu, kisha zipange zikigusana bila fito na uzifunike kwa nailoni nzito pande zote kwa wiki nne kwa mbao ya inchi moja. Dawa inasafiri kwenye maji yaliyomo ndani ya ubao. Ukiacha ubao ukauke kwanza, dawa inabaki usoni. Baada ya hapo ndiyo unapanga na fito na kukausha kama nilivyoeleza #5. Haifai mbao inayokaa ardhini au inayonyeshewa, mvua huiosha.

#18 Mzee wa Kenchi

Naona mnawapotosha vijana. Kazi yote hii ya nini? Wazee walikuwa wanatupa magogo mtoni miezi mitatu, yakitoka yanapasuliwa bila ufa.

#19 Fundi Tenoni

Shikamoo mzee. Kuna ukweli nusu hapo. Gogo likizama kabisa halikauki, haliliwi na wadudu na wanga wa mbao ya nje hupungua, hivyo bungua wanapungua pia. Hayo ni manufaa ya kweli. Ila mvutano hautolewi na maji baridi. Ncha za gogo hilo hupasuka siku lilipokatwa, na ubao wake utapinda vilevile ukipasuliwa upande mmoja. Magogo ya zamani pia yalikuwa makubwa mno, na unene ndio uliowaokoa wale wazee.

#20 Mzee wa Kenchi

Marahaba. Hilo la unene nakubali. Basi niambie kwenye kenchi, maana misumari inapinda.

#21 Fundi Tenoni

Kwenye kenchi na papi mzee unaweza kuutumia ukiwa nusu mbichi, ndivyo inavyofanyika, kwa masharti. Pigilia ndani ya siku chache za kupasuliwa, msumari unaingia bado. Ubao ukinyooshwa na kufungwa kwenye kenchi unakauka ukiwa umeshikwa, hauna pa kwenda. Maungio yapitie boliti, kisha baada ya miezi mitatu minne mtu apande akaze nati, kwa sababu mbao imesinyaa na nati zimelegea. Hatua hiyo hurukwa, ndipo paa linaanza kulia usiku.

Ukishakauka, toboa kwanza. Tundu liwe karibu asilimia 80 ya unene wa msumari, yaani msumari wa milimita 4 toboa kwa kekee ya 3.2. Karibu na ncha ya ubao usipigilie kabisa bila kutoboa.

Misumari na skrubu ziwe za mabati au shaba nyeupe. Mkaratusi una tanini, ikikutana na chuma kitupu na unyevu unapata doa jeusi la wino kuzunguka kila msumari, na halitoki kwa msasa.

#22 Mtaa wa Mbao

Gundi je? Mbao nzito zinaachia.

#23 Fundi Tenoni

Zinaachia kwa sababu mbili. Ubao umepigwa randa wiki iliyopita na uso wake umefunga, au umebanwa mpaka gundi yote imetoka nje. Piga randa na gundi siku hiyohiyo. Gundi nyeupe ya kawaida inatosha kwa grandis na saligna. Ukivuka kilo 800 kwa mita ya ujazo tumia poliyurethani au epoksi, paka pande zote mbili, bana kwa kiasi, uache usiku kucha.

Randa nayo: kamaldulensisi na wengi wa wale wazito wana nyuzi zinazopishana, upande mmoja unakubali, mwingine unang'oka. Punguza kina mpaka nusu milimita, tumia visu vilivyonolewa upya, na kwenye mashine inayoruhusu punguza pembe ya kisu hadi nyuzi 15 au 20. Msumeno uwe wa meno ya kabaidi, wa chuma cha kawaida utanoa kila saa.

Kwa mlango wa paneli, paneli ya upana wa milimita 250 itacheza karibu milimita 3 unyevu ukibadilika kwa asilimia 4. Acha nafasi hiyo ndani ya mfereji wa fremu, na usiweke gundi kwenye paneli. Tenoni (ulimi wa kiungo cha fremu) pekee ndiyo ipate gundi.

#24 Bwana Mizani

Nikiwa na miti 40 ya saligna, miaka 18, kipenyo kati ya 35 na 45, nianze nayo msimu gani?

#25 Kabari ya Chuma

Anza mvua zikiwa zinaelekea kuisha, hewa bado ina unyevu na jua halijawa kali, ili wiki za kwanza za kukausha zisiwe za kiangazi. Usiangushe yote 40. Angusha mitano, pasua, panga rundo, kisha mitano mingine. Kabla ya mti wa kwanza kwenda chini, fito ziwe zimeshachanwa na kukauka, na msingi wa rundo umeshapimwa. Kwa kila mita 1 ya ujazo ya mbao za inchi moja andaa fito zisizopungua mita 100, wengi huishiwa katikati wakaanza kutumia mabanzi mabichi yasiyolingana.

Mti wa kwanza uutumie kupima mashine: toa mbao mbili, pima unene katikati na nchani. Tofauti ikizidi milimita 2, ongeza kugeuza kabla ya kugusa mti wa pili.